Chapa Nyuma ya Kijiko

Katika maduka ya vitu vya kale mjini London, vijiko hutandazwa juu ya kitambaa cheusi. Vyote vinang'aa, vyote vinafanana. Hata hivyo kimoja chauzwa kwa senti chache, na jirani yake kwa mshahara wa mwezi mzima. Kwa nini, msomaji? Ugeuze mpini, utazame nyuma. Hapo pamepigwa chapa ndogo kama punje za mtama, nazo ndizo zinazotoa ushuhuda.

Tunaposema fedha hapa, twataja yale madini meupe, wala si noti za mfukoni. Fedha tupu ni laini mno, hupindika upesi. Kwa hiyo wafuaji huichanganya na shaba kidogo. Katika sehemu 1,000, fedha ni 925. Mchanganyiko huo Waingereza huuita sterling. Mnamo mwaka 1300 mfalme Edward wa Kwanza aliamuru kwamba chombo cha fedha kisitoke mikononi mwa fundi kabla ya kupimwa na kupigwa chapa ya kichwa cha chui. Tangu 1363 kila fundi alipaswa kuwa na alama yake mwenyewe. Mwaka 1478 ikaongezwa herufi ya mwaka, na 1544 simba atembeaye. Birmingham ilipata chapa yake mwaka 1773, nayo ni nanga, ingawa mji ule hauna bahari!

Basi, anayejua kusoma alama hizo aweza kumtambua fundi aliyekwisha kufa zamani. Akiona herufi H na B za mwandiko wa mkono, huenda ameshika kazi ya Hester Bateman. Mama huyo alifiwa na mumewe mwaka 1760. Mwaka uliofuata akaandikisha alama yake, akaongoza kiwanda pamoja na wanawe hadi 1790. Alianza na vijiko hasa. Leo wakusanyaji hushindania hata kijiko chake kidogo cha chai.

Mnunuzi ajihadhari. Tangu 1840 kampuni ya Elkington ilieneza ufundi wa kupaka fedha juu ya madini mengine kwa nguvu ya umeme. Herufi EPNS zinasema hivyo waziwazi. Anayedanganyika hapo hakusoma. Hila mbaya ni nyingine. Kwa kuwa uma za kale ni adimu kuliko vijiko, wajanja hukata bakuli la kijiko na kulichonga meno. Chapa ni ya kweli, lakini chombo chasema uongo. Utazame meno: mara nyingi huwa membamba kupita kiasi.

Zamani za malkia Victoria vijiko vingi visivyo na pambo vilichorwa matunda na kupakwa dhahabu. Wako wanaovipenda; mimi naona fundi wa kwanza ameonewa. Lakini msiba mkubwa zaidi ulitokea Januari 1980, bei ya fedha ilipokaribia dola 50 kwa aunsi. Watu walipeleka vyombo vya babu zao kuyeyushwa, vikawa vipande visivyo na jina.

Aliye navyo asivisugue kila siku, kwa maana chapa hufutika polepole. Yai huvitia weusi, na chumvi huvila. Ndiyo maana vijiko vingi vya kale vya chumvi vilipakwa dhahabu ndani ya bakuli.