Usiku wa Kuvaa Sauti za Wengine

Mwaka jana, katika siku za mwisho za mwezi wa Oktoba, tulipigiwa simu na mmoja katika wanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa anakaa Marekani pamoja na mkewe na watoto wake. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali, alitwambia: "Maalim, nina jambo linanitatiza. Mwanangu wa miaka 16 amejifunza kupiga ngoma za bendi shuleni. Sasa yeye na wenzake watatu wamealikwa wakapige muziki usiku wa Halloween. Je, nimkataze?"

Hatukumjibu papo hapo. Tulimwuliza maswali matatu: Watapiga wapi? Wenzake ni wana wa nani? Na je, wewe umepata kumsikia mwanao akipiga? Akanyamaza. Hakuwa na jibu la swali hata moja. Hapo ndipo tulipoona kwamba yatupasa kuliandika jambo hili, kwani wazazi walio katika hali yake ni wengi, na mtu asiyekijua kitu hawezi kukikataza vyema wala kukiruhusu vyema.

Basi na tuanze na usiku wenyewe. Maana ya jina Halloween ni mkesha wa Watakatifu Wote, yaani usiku wa 31 Oktoba, unaotangulia siku ambayo Wakristo wa magharibi huwakumbuka watakatifu wao. Lakini kabla ya hapo watu wa Ireland na Scotland walikuwa na sikukuu yao ya kumaliza mavuno, iitwayo Samhain. Walihesabu siku kuanzia kuchwa kwa jua, kama tuhesabuvyo sisi, na waliamini kwamba usiku ule wafu na viumbe wasioonekana huwakaribia walio hai. Wahamiaji wa Ireland na Scotland walipovuka bahari kwa wingi katika karne ya 19, walikwenda na desturi hizo Marekani. Leo wengi wanaousherehekea usiku huo hawaamini hayo tena. Kwao ni usiku wa mavazi ya ajabu, peremende na mchezo. Hata hivyo asili yake ndiyo hiyo, na ni haki ya mzazi kuijua.

Muziki nao uliingia tangu zamani. Katika desturi ya Scotland mtoto aliyejigeuza sura hakupewa kitu bure. Akibisha mlango, ilimpasa aimbe wimbo, au asome shairi, au aseme kichekesho, ndipo apewe tofaa, karanga au sarafu. Wimbo ulikuwa ndio ujira. Msomaji wa pwani hataona ugeni mkubwa hapo, kwani nasi tunao vijana wetu wa kuamsha daku, wapitao mitaani na ngoma usiku wa Ramadhani. Nia ni mbalimbali, na hatuvilinganishi vitu hivi viwili kwa nia. Lakini furaha ya kijana kupita usiku na wenzake, akisikika na mtaa mzima, ni furaha ile ile.

Huko Marekani furaha hiyo iligeuka mara nyingi ikawa utundu na uharibifu. Katika mji mdogo wa Anoka, jimbo la Minnesota, wakubwa wa mji hawakutosheka na kukemea tu. Mwaka 1920 waliwaandalia vijana maandamano ya mavazi, ili nguvu zao zipate njia. Maandamano hayo yangaliko, na bendi za shule hupita humo. Katika New York nako, mwaka 1974 fundi wa vinyago aitwaye Ralph Lee alianzisha maandamano ya mtaa wa Greenwich Village, ambayo sasa hukusanya vinyago vikubwa na bendi za kila namna.

Lakini mwana wa rafiki yetu hakualikwa katika maandamano. Alialikwa katika desturi nyingine, iliyoenea katika miji mingi ya Marekani, ya bendi za watu wasiofanya muziki kuwa kazi. Mmoja ni mwalimu, mwingine ni fundi wa magari, mwingine ni mwanafunzi. Zinapokaribia siku zile, kila bendi huchagua bendi mashuhuri, ikajifunza nyimbo zake kadha, ikavaa mavazi yake, na kwa usiku mmoja ikajifanya ndiyo yenyewe. Wengine huvaa vinyago. Hawa huvaa sauti za watu.

Mfano mashuhuri ni bendi ya Phish, iliyoanza mwaka 1983 kama kikundi cha wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Vermont. Usiku wa 31 Oktoba 1994, katika mji wa Glens Falls, jimbo la New York, walipiga nyimbo za santuri mbili za Beatles za mwaka 1968, tangu mwanzo hata mwisho, na wakaliita jambo hilo vazi la muziki. Wakati huo Phish walikwisha kuwa watu wa kazi hiyo, lakini bendi ndogo za vitongojini hufanya vivyo hivyo kwa vipimo vyao.

Wala si kazi ndogo. Nyimbo kumi za nusu saa huweza kula majuma mengi ya mazoezi katika banda la gari, baada ya kazi na masomo. Ujira wenyewe mara nyingi ni sehemu ya viingilio vya mlangoni, na ukigawanywa baina ya watu wanne haununui hata nyuzi za gitaa. Watu hawa hawaendi kwa ajili ya fedha. Huenda kwa sababu juma zima wamekuwa watu wa kuamriwa, na usiku ule wanasikilizwa.

Babu zetu waliyajua haya. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa pwani yetu waliziona bendi za askari wa kikoloni, wakaanzisha beni. Walivaa kama maofisa, wakapeana vyeo, wakapiga tarumbeta na ngoma, na baadaye mashindano ya Marini na Arinoti yakaenea hata bara. Vijana wasiokuwa na cheo katika serikali walijipa cheo katika ngoma. Walijifunza utaratibu na kusaidiana. Kadhalika walishindana hata wakapoteza fedha nyingi. Faida na hasara zilikwenda pamoja, na ndivyo zinavyokwenda hadi leo.

Basi hasara za leo ni zipi? Ya kwanza ni masikio. Wataalamu wa Marekani wa afya ya wafanyakazi wameshauri kwamba sauti ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda upunguzwe nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100 ni robo saa tu. Na ngoma za bendi katika chumba kidogo mara nyingi hupita hapo. Sikio likiharibika namna hii halirudi. Vizibo vya masikio ni vya bei ndogo, na aibu ya kuvivaa ni ndogo kuliko uziwi. Ya pili ni mahali: kumbi nyingi za muziki ni baa, ambako ulevi ndio biashara. Ya tatu ni saa ya kurudi, na nani anayeendesha gari.

Ama hukumu ya ala za muziki na ya sikukuu yenyewe, wanazuoni wamesema, na kila nyumba ina sheikhe wake wa kumwuliza. Sisi twasema la kabla ya hapo: nenda ukaone kwanza.

Mwanafunzi wetu alikwenda. Jioni moja aliketi katika banda la gari la jirani, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasikiliza saa nzima. Alipata habari kwamba mahali penyewe ni baa, na zamu yao ni saa nne za usiku. Akamkataza mwanawe kwenda huko, na akamweleza sababu mbele ya wenzake, kwa upole. Wale vijana hawakugomba. Wiki iliyofuata walipiga alasiri katika ukumbi wa shule, bila ya vinyago, na vizibo masikioni, na baba yao ameketi safu ya mbele.

Aliporudi kutupigia simu hakutueleza habari za muziki. Alisema: "Maalim, mmoja wao alikosea mara tatu, na mwanangu akamngoja mara zote tatu, hakumkaripia. Sikujua kwamba ana subira ile."

Tukamwambia amwambie mwanawe maneno hayo hayo.