Jackie Chan wa Kiswahili: mali isiyo na bei Kilindoni

Kilindoni, kisiwani Mafia, kama ilivyo miji mingine ya pwani, biashara ya filamu imehamia kwenye flashi. Mteja anampa kijana wa dukani flashi au memori kadi, anachagua muvi kwenye kompyuta, analipa kwa idadi, anaondoka. Hakuna kava wala CD ya kurudisha kesho. Kwa mwenye duka ni nafuu kubwa. Hana tena haja ya kupakia katoni kwenye basi la Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, kisha aivushe baharini akiomba isilowe. Lakini mabadiliko hayo yameacha makabatini mzigo ambao hakuna anayeupangia bei: mikanda ya video na CD za zamani, na hasa filamu za mwanzo za Jackie Chan zilizotafsiriwa kwa Kiswahili.

Wapo wanaoziona takataka. Mimi naona Mafia na pwani nzima inakalia mali, na kila masika inapungua.

Tuanze na kinachotafutwa. Mkusanyaji wa Jackie Chan hahangaiki na filamu alizocheza Marekani akiwa tajiri. Anataka zile za njaa: New Fist of Fury ya 1976, ambamo mwongozaji Lo Wei alitaka kumgeuza Bruce Lee wa pili, Shaolin Wooden Men ya mwaka huohuo, halafu mbili za 1978 zilizomtoa, Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master, zote zilizoongozwa na Yuen Woo-ping kwa kampuni ya Seasonal. Biashara ya kazi hizo ilijaa ujanja tangu mapema. Alipopata jina, filamu yake ya ujanani, Little Tiger of Canton, ilikatwakatwa, ikatiwa vipande vipya na kuuzwa tena mwaka 1979 kama Master with Cracked Fingers. Fearless Hyena Part II ya 1983 ilimaliziwa kwa watu wa kuigiza nafasi yake, kwa kuwa yeye alikwisha kumwacha Lo Wei. Kwa hiyo mkusanyaji anayeijua kazi yake haridhiki kusikia kwamba filamu ipo. Anataka kujua ni toleo gani, na lina sauti ipi.

Sauti ndiyo inayoendesha soko la nje. Mwaka 2000 Celestial Pictures ilinunua hazina ya Shaw Brothers, filamu zaidi ya 700, ikaanza kuzisafisha na kuzitoa upya. Mwaka 2020 Criterion ya Marekani ilitoa kasha la filamu za Bruce Lee. Uingereza, Eureka na 88 Films zimekuwa zikifanya hivyohivyo kwa kazi za zamani za Jackie Chan. Diski moja huweza kubeba sauti ya Kikantoni, ya Kimandarini na ile tafsiri ya Kiingereza iliyokuwa ikichekwa zamani kwa ukavu wake. Wanunuzi wanaidai hiyohiyo, maana ndiyo waliyoisikia utotoni. Na sauti hupotea hata kwa wenyewe: Drunken Master iliwahi kutoka kwenye DVD huku Kikantoni chake kikiwa na mapengo yaliyozibwa kwa Kimandarini.

Katika makasha yote hayo Kiswahili hakimo, ingawa kilikuwepo.

Filamu za kung fu zilivuma katika majumba ya sinema ya Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, wakati Tanzania Film Company, iliyoundwa mwaka 1968, ilipokuwa na mamlaka juu ya uingizaji na usambazaji. Deki za video zilipoingia, sinema ikahamia uani na vichochoroni. Televisheni ilikuwa haijafika Tanzania Bara, ilikuja mwaka 1994, kwa hiyo mwenye deki, skrini na jenereta alikuwa na mtaji kamili. Kibanda umiza kikazaliwa: mabenchi, joto, kiingilio kidogo, na watoto wanaojua kwamba steringi hafi.

Tatizo la mwenye kibanda lilikuwa lugha. Mkanda ulikuwa wa Kichina au Kiingereza, na wateja wengi hawakuwa na muda wa kufukuzana na maandishi ya chini. Hapo ndipo msimuliaji alipoingiza thamani yake. Uganda wapo VJ, wakiwemo VJ Jingo na VJ Junior. Kenya yupo DJ Afro. Tanzania jina kubwa ni Derek Gaspar Mukandala, yaani Lufufu. Msimuliaji hupunguza sauti ya filamu, akaingiza ya kwake, akawabatiza wahusika, akaeleza kwa nini mzee yule anamtesa kijana na adui anapanga nini. Watu walilipa kiingilio kwa ajili yake. Mkanda uleule wa Snake in the Eagle's Shadow, bila yeye, ungebaki mateke matupu kwa mtu aliyetoka kuvua.

Kiuchumi, basi, bidhaa iliyosafiri kutoka Kariakoo hadi visiwani haikuwa filamu ya Hong Kong peke yake. Ilikuwa filamu ya Hong Kong pamoja na kazi ya Mtanzania, na sehemu hiyo ya pili haijawahi kuandikwa kwenye risiti ya mtu.

Sababu moja ni sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwenye filamu haki ya kuruhusu au kukataa tafsiri, na mikanda ile ilidurufiwa bila idhini. Mwaka 2013 stempu za kodi zikawekwa kwenye kazi za filamu na muziki, na Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie wakaandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bila kulipiwa kodi. Hoja yao ilikuwa ya haki. Lakini katika ugomvi huo msimuliaji alikosa mtetezi: kwa Hong Kong alikuwa mwizi, na kwa msanii wa nyumbani alikuwa mshindani.

Sababu ya pili ni hewa. Mkanda wa sumaku hauvumilii unyevu, na Mafia ni kisiwa cha mvua na chumvi. Ukungu huanza pembeni mwa mkanda, kisha huchafua kichwa cha deki kinachojaribu kuusoma. Kichwa chenyewe sasa ni adimu: Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho kutengeneza deki za VHS, kilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Kila deki zima lililobaki Kilindoni, Kirongwe au Utende lina thamani kuliko linavyoonekana, na fundi anayejua kulisafisha kwa spiriti na kitambaa laini ana ujuzi unaokaribia kutoweka.

Kwa anayetaka kuingia katika kazi hii, ushauri wangu ni asianze kwa kuuza. Haki hazijapangwa, na kuuza nakala leo ni kujitafutia kesi. Aanze kukusanya na kuhifadhi, huku akiandika kwa kila mkanda jina la msimuliaji, mahali ulipopatikana na aliyekuwa nao. Siku kampuni ya nje itakapotaka sauti ya Kiswahili kwenye kasha lake, mazungumzo yataanza na mwenye kumbukumbu hizo, na msimuliaji au familia yake watakuwa na cha kudai, hata kama ni mbele ya Ofisi ya Hakimiliki.

Kuhamisha mkanda kwenda kwenye kompyuta hakuna njia ya mkato: filamu ya saa moja na nusu huchukua saa moja na nusu. Mwenye deki moja na umeme usiokatika atamaliza mikanda mitano kwa siku akijitahidi. Kwa hiyo zile zenye sauti ya Kiingereza tu aziweke kando. Hizo zinapatikana London. Aanze na zenye sauti ya msimuliaji, na kati ya hizo, zile zilizokwisha kuonyesha ukungu ndizo ziingie kwenye deki kwanza, baada ya kusafishwa kwa mkono.