Fahamu: Mpito mpya wa rangi kwenye vivinjari

Gradienti ni rangi moja inayogeuka taratibu kuwa nyingine kwenye ukurasa wa wavuti. Huandikwa kwa CSS, lugha ya kupamba kurasa. Jipya ni kwamba sasa mbunifu anaweza kuchagua rangi hizo zipite njia gani.

Tatizo lilikuwa nini?

Kwa miaka mingi vivinjari vilichanganya tu tarakimu za nyekundu, kijani na bluu. Anza na bluu (0, 0, 255), malizia na njano (255, 255, 0): katikati unapata 128, 128, 128, yaani kijivu kilichopooza. Kazi nzuri huharibikia hapo.

Suluhisho

Mwaka 2020 Björn Ottosson alitoa Oklab, mfumo unaopanga rangi kwa kufuata jinsi jicho linavyoziona. Oklch ni sura yake nyingine. Ukiandika `linear-gradient(in oklch, blue, yellow)`, bluu hupitia kijani angavu hadi njano.

Vivinjari gani?

Safari 16.2 ilitangulia (2022), ikafuata Chrome 111 (2023), kisha Firefox 127 (2024). Kivinjari cha zamani huruka amri kisiyoielewa, kwa hiyo tanguliza gradienti ya kawaida, halafu andika mpya chini yake.