KUNI, TELA NA MTEREMKO

Kila tufungapo shule huwaona wenzangu wa upande wa Ziwa wakitafuta gari la kuwateremsha kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay. Nauli ya basi wanayo, lakini wangependa ibaki mfukoni. Likipita lori la kuni huomba kukaa juu ya kuni, maana kule kuna upepo mwanana na Ziwa Nyasa huonekana toka mbali. Kwa hiyo nataka kueleza jinsi lori na tela vinavyobeba kuni, ili kila mmoja ajue anakaa juu ya kitu gani.

Mimi nilikwisha kukaa. Nilipokuwa darasa la sita tulipanda watoto watatu juu ya tela la trekta lililojaa kuni. Kilima kilikuwa kidogo, hata mtu asingekiita kilima. Dereva alipofunga breki, trekta lilipunguza mwendo, lakini tela halikuwa na breki. Likalisukuma trekta kwa nyuma, hata vyote viwili vikakunjika mfano wa kisu cha mfukoni. Kuni zikamwagika, nasi pamoja nazo. Wenzangu walichubuka tu; mimi nilivunjika mguu nikakosa masomo muhula mzima.

Basi tuanze na uzito. Mti uliokatwa leo una maji mengi. Mara nyingi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mwenye kupakia tani 6 za kuni mbichi huenda amepakia tani 3 za maji, na kuyapeleka Mbamba Bay ni kupeleka maji ziwani! Kuni zilizopasuliwa na kuanikwa kwa miezi kadhaa hubakiwa na maji kidogo sana. Gari huwa jepesi, mafuta hupungua, na kuni zenyewe huwaka bila kufukiza moshi mwingi. Akili ya kwanza ya kazi hii, basi, ni kungoja.

Pili ni kupakia. Tela la trekta la magurudumu mawili hukaa kama mizani. Mzigo ukizidi nyuma, ncha ya mbele hunyanyuka na kuyapunguzia uzito magurudumu ya nyuma ya trekta, nayo hukosa nguvu ya kushika ardhi. Kwa hiyo mzigo hulemezwa mbele kidogo ya magurudumu. Tena kuni zisirundikwe juu kupita kiasi, kwani mzigo mrefu hulala upande kwenye kona. Magogo ya mikaratusi yana hila yake: ganda lake hubanduka, na likilowa mvua huteleza. Njiani kuni hushindiliana na kamba iliyokazwa asubuhi hulegea. Dereva mwangalifu husimama baada ya mwendo mfupi akaikaza tena, na magogo yatokezayo nyuma huyafunga kitambaa chekundu.

Sasa tufike kwenye mteremko. Mji wa Mbinga uko juu ya bahari kupita mita 1,200, na Ziwa Nyasa haifiki mita 500. Kutoka mjini hadi ufukweni, basi, gari hushuka mita 700 au zaidi. Tumejifunza darasani kwamba nguvu haipotei bali hugeuka. Nguvu ya uzito unaoshuka, ikizuiwa na breki, hugeuka kuwa moto. Nimepiga hesabu nikaona kwamba tani moja ikishuka mita 700 hutoa moto wa kutosha kuchemsha debe zima la maji ya baridi. Lori na tela lake vikiwa na tani 20, hayo ni madebe 20! Dereva akishikilia breki njia nzima, moto huo wote huingia katika vyuma vya magurudumu. Breki zikipata moto mno hazishiki tena, hata akikanyaga kwa miguu yote miwili.

Afanyeje? Hutia gia nzito kabla hajaanza kushuka, ili injini yenyewe iyazuie magurudumu, na breki aziguse kwa vipindi zipate kupoa. Akingoja hata gari lishike kasi, huenda gia hiyo ikakataa kuingia. Jambo hili si geni kwetu. Wazee wa Kimatengo walichimba ngoro katika miteremko ya vilima, nazo huyazuia maji ya mvua shimo kwa shimo toka juu. Hawakungoja maji yafike bondeni yakiwa mafuriko. Kasi nayo huzuiwa kilimani.

Gari likiharibika njiani, utingo huweka mawe chini ya magurudumu. Ni vizuri. Lakini likiondoka, mawe hayo yaondolewe barabarani, maana ajaye usiku hatayaona.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati iliyo safi. Huenda siku moja magari ya kuni yakapungua katika njia zetu. Lakini leo matofali bado yanachomwa kwa kuni na samaki bado wanakaushwa kwa moshi, na malori bado yanashuka.

Muhula uliopita nilimwona dereva mmoja akiwateremsha wanafunzi wanne kutoka juu ya kuni zake. Walinung'unika sana, wakasema ana roho mbaya. Mimi nilitazama mguu wangu nikanyamaza. Ndugu msomaji, dereva wa kuni akikuambia "Shuka," mshukuru, kisha ukapande basi.