Kompyuta ya injini: Uamuzi mzito kwa wenye magari ya tabo

KUFUNGA tabo kubwa kwenye gari dogo ni kazi ambayo fundi mzoefu wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa anaweza kuimaliza katika muda wa siku chache. Lakini baada ya mabomba kukazwa na injini kuwashwa, linabaki swali ambalo huamua iwapo gari litatembea miaka au litatoboa pistoni kabla ya mwezi kwisha. Ni kompyuta gani itakayoiambia injini imwage mafuta kiasi gani, na iwashe cheche wakati gani?

Kompyuta hiyo, ambayo magereji mengi huiita kontrolo boksi, ni kisanduku kidogo kinachokaa chini ya dashibodi au pembeni ya miguu ya abiria. Hupokea taarifa kutoka kwa sensa za mzunguko wa injini, joto la maji, joto la hewa, kiasi cha hewa inayoingia na oksijeni iliyobaki katika moshi. Kutokana na taarifa hizo, hufungua injekta na kuamuru koili zitoe cheche, mamia ya mara kila sekunde injini inapokwenda kasi.

Majedwali yaliyomo ndani yake yaliandikwa kiwandani kwa ajili ya injini moja, tabo moja na mafuta ya aina moja. Mwenye gari anapobadilisha kimojawapo kati ya hivyo, majedwali hayo huwa yanasema jambo ambalo si kweli tena.

Mfano ulio karibu na wasomaji wengi ni Subaru Impreza WRX yenye injini ya lita 2, gari ambalo mapenzi yake katika ukanda huu yana historia ndefu. Ni kwa Impreza ambapo Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997, na Richard Burns akafanya hivyo tena mwaka 2000. Magari mengi ya aina hii yaliyopo barabarani yaliagizwa yakiwa yametumika Japan, ambako petroli ya daraja la juu huwa na okteni ya kati ya 98 na 100. Petroli ya kawaida inayouzwa katika vituo vya Afrika Mashariki iko chini ya kiwango hicho. Maana yake ni kwamba gari la namna hii, hata kabla halijaguswa na fundi yeyote, tayari linanyweshwa mafuta dhaifu kuliko yale lililokusudiwa.

Tanzania ina sababu yake ya ziada ya kuwa mwangalifu. Uchakachuaji wa mafuta kwa kuchanganya petroli na mafuta ya taa ulifikia hatua ya kuifanya serikali ipandishe ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuondoa tamaa hiyo. Mafuta ya taa hushusha okteni. Injini ya kawaida ikipewa mchanganyiko huo hukohoa na kupoteza nguvu, lakini injini ya tabo iliyosukumwa hadi ukingoni inaweza kufa papo hapo.

Kinachoiua ni kile wahandisi wanachokiita kugonga. Neno hili lisichanganywe na lile la mtaani, ambapo injini "ikinoki" huwa imekwisha kabisa. Kugonga kunakozungumziwa hapa ni mchanganyiko wa hewa na mafuta kulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Mlipuko huo hupiga kichwa cha pistoni kama nyundo. Hutokea pale hewa inapokuwa ya moto mno, mafuta yanapokuwa machache, okteni inapokuwa ndogo au cheche inapowashwa mapema kupita kiasi. Kati ya mambo hayo manne, mawili yako mikononi mwa kompyuta moja kwa moja.

Zipo njia tatu kuu za kuipata kompyuta inayofaa, na bei zake hutofautiana sana.

Njia ya kwanza ni kuiacha kompyuta ya kiwandani mahali pake na kuandika upya programu yake kupitia tundu la uchunguzi lililo chini ya usukani. Kwa magari ya Subaru ya kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kazi hii inajulikana vyema. Zipo zana za kulipia kama EcuTek, na zipo za bure kama RomRaider, ingawa si kila toleo la soko la Japan linakubali. Uzuri wake ni kwamba kila kitu kingine katika gari huendelea kufanya kazi, kuanzia kipoza hewa hadi kinga ya wizi.

Jambo hilo la mwisho halipewi uzito unaostahili. Magari mengi yanayoagizwa Japan ni ya gia otomatiki, na kompyuta ya gia huzungumza na kompyuta ya injini muda wote. Ukiing'oa ya injini na kuweka ngeni isiyojua lugha hiyo, giaboksi huingia katika hali ya dharura, hubaki kwenye gia moja, na mwenye gari huanza kumlaumu fundi wa gia asiye na hatia. Kwa gari la otomatiki linalohitaji ongezeko la wastani la nguvu, kuandika upya programu ya kiwandani ndilo jibu la busara, na mara nyingi fedha inayobaki ingetumika vizuri zaidi kununua pampu ya mafuta na kipoza hewa ya tabo.

Hata hivyo, njia hiyo ina mwisho wake. Impreza ya kiwandani hupima hewa kwa sensa inayokaa kwenye bomba la kuingizia, na sensa hiyo ikifika kilele cha uwezo wake haioni tena nyongeza yoyote. Aidha, kwa mfumo huo hewa iliyokwisha kupimwa haipaswi kutoroka. Vijana wanaofunga vali ya kupumulia nje ili wapate ule mlio wa "pshh" wakibadilisha gia huwa wanatupa hewa ambayo kompyuta imeshaihesabu, na injini hupewa mafuta ya ziada yasiyo na kazi. Moshi mweusi unaofuata mlio huo ndio ushahidi.

Njia ya pili ni kifaa cha kudandia, kinachofungwa kati ya sensa na kompyuta ya kiwandani ili kuidanganya. Kilichovuma zaidi katika miaka ya 1990 na 2000 ni SAFC ya kampuni ya Apexi ya Japan. Bei yake ya mtumba huvutia, lakini namna kinavyofanya kazi inatosha kumtia mtu hofu. Fundi akitaka kupunguza mafuta, kifaa huiambia kompyuta kwamba hewa inayoingia ni kidogo kuliko ilivyo kweli. Kompyuta huamini, hupunguza mafuta, kisha kwa kuwa inadhani injini haina mzigo mkubwa huwasha cheche mapema zaidi. Mafuta yamepungua na cheche imewahi. Hayo ndiyo mambo mawili yaliyotajwa hapo juu, na yote yanasukuma upande mbaya kwa wakati mmoja. Kwa injini ya tabo inayokunywa petroli ya mtaani, hapa hapafai kubana matumizi.

Njia ya tatu ni kompyuta inayojitegemea, inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani kabisa. Watengenezaji wanaofahamika zaidi ni Haltech na MoTeC za Australia, Link ya New Zealand, Ecumaster ya Poland na AEM ya Marekani. Kwa wenye mikono mizuri na mfuko mwembamba ipo MegaSquirt, iliyoanzishwa Marekani na Bruce Bowling na Al Grippo mwaka 2001, pamoja na Speeduino ambayo michoro yake hutolewa bure. Tofauti ya bei kati ya ngazi ya chini na ya juu ni kutoka mamia machache ya dola hadi maelfu kadhaa.

Mnunuzi anapaswa kuanza kwa kuhesabu. Injini ya silinda 4 huhitaji njia 4 za injekta, 2 hadi 4 za koili, kisha pampu ya mafuta, feni, mzunguko wa chini wa injini, vali ya kudhibiti tabo na mshale wa mizunguko. Injini yenye kamshafti zinazobadilisha muda huongeza njia nyingine. Yenye kifuniko cha hewa kinachoendeshwa kwa umeme badala ya waya ina masharti makubwa zaidi, na Speeduino, kwa mfano, haikukusudiwa kukiendesha. Kompyuta isomeke pia na gurudumu la meno linalohesabu mizunguko, kwa sababu kila kiwanda kina mpangilio wake. Injini nyingi za Nissan za miaka ya 1990 hutumia kisahani chenye matundu 360, wakati Subaru za baadaye hutumia meno 36 yenye mapengo matatu. Kompyuta isiyoujua mpangilio husika haitaiwasha injini hata iwe ghali kiasi gani.

Hesabu ya pili ni ya mafuta. Injini ya tabo hutumia takriban gramu 270 za petroli kwa kila nguvu ya farasi kwa saa. Anayetaka farasi 300 anahitaji kilo 81 kwa saa, yaani kilo 20 na ushei kwa kila injekta. Kwa kuwa haishauriwi injekta kufanya kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake, ukubwa unaofaa ni kama sentimita za ujazo 570 kwa dakika. Hapo kompyuta nzuri ndipo inapojitofautisha, kwani injekta kubwa ni rahisi kuiendesha gari likiwa kasi, na ni ngumu gari likiwa limesimama kwenye foleni na betri imeshuka.

Suala la mwinuko, pengine, ndilo linalowahusu zaidi wasomaji wa ukanda huu. Nairobi ipo kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni takriban bar 0.83. Pwani ni bar 1.01. Tabo inayodhibitiwa kwa springi peke yake huongeza msukumo juu ya hewa iliyopo, hivyo gari lenye msukumo wa bar 1 hupata jumla ya bar 1.83 likiwa Nairobi na 2.01 likifika Mombasa au Dar es Salaam. Hiyo ni nyongeza ya karibu asilimia 10 ya hewa bila mtu kugusa kitu.

Kompyuta inayopima mgandamizo kamili itaiona nyongeza hiyo. Lakini fundi aliyelipanga gari Nairobi hakuwahi kufika eneo hilo la jedwali, na tarakimu zilizomo humo ni za kukisia. Dereva anayeshuka Mtito Andei kwa mwendo wa kasi anaingia katika ukurasa ambao haujasomwa na mtu. Anayenunua kompyuta aulize iwapo inapima hewa ya nje muda wote na iwapo inaweza kushikilia lengo la msukumo kamili badala ya kutegemea springi. Fundi naye aombwe kuweka mafuta ya kutosha na cheche ya tahadhari katika safu hizo za juu.

Sensa ya oksijeni ya kiwandani katika magari mengi hujua tu kama mafuta yamezidi au yamepungua kuzunguka uwiano wa 14.7 kwa 1. Injini ya tabo ikiwa na mzigo huhitaji uwiano wa karibu 11.5 hadi 12, mahali ambapo sensa hiyo ni kipofu. Sensa ya wigo mpana, kama Bosch LSU 4.9, ni ya lazima. Kompyuta bora huitumia pia kuzima msukumo mara mafuta yanapopungua, na hufanya vivyo hivyo shinikizo la oili likishuka au joto la maji likipanda.

Lakini hata sifa hizo zote huja nyuma ya swali la nani atakayeipanga. Kompyuta mpya huja na jedwali la kuanzia, ambalo kazi yake ni kuwasha injini tu. Kulikanyagia gari mafuta likiwa na jedwali hilo ni kuliweka rehani. Kompyuta ya kawaida inayofahamika vyema na fundi wa mji huohuo, mwenye mashine ya kupimia nguvu au uzoefu wa kupanga barabarani kwa kompyuta mpakato, ina thamani kuliko ya kifahari ambayo mwenyewe ataisoma kwa mara ya kwanza katika injini ya mteja.

Makubaliano yaandikwe kabla ya kazi. Baadhi ya mafundi hufunga kompyuta kwa neno la siri, na mteja akihama mji au wakikosana hana namna ya kubadilisha chochote isipokuwa kufuta na kuanza upya. Mteja adai nakala ya faili la mwisho, neno la siri na rekodi za vipimo vya siku hiyo. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kwa maandishi kuwa injini imebadilishwa, kabla gari halijatoka gereji.