Uhuru si nafasi

Mwezi uliopita nilikwenda arusini Kaloleni. Si Kaloleni yetu ya Kilifi, ni ile ya Nairobi, mtaa ulio karibu na barabara ya Jogoo. Mtoto wa dada yangu, aliyekulia huko, akaniuliza: "Mjomba, kesho uko huru?" Nikamjibu, kwani lini nilikuwa mtumwa?

Kwetu pwani asiye na shughuli ana nafasi. Kisicholipiwa ni bure. Aliyeomba akakubaliwa ana ruhusa, na asiyelazimishwa ana hiari. Siku hizi haya yote yasukumiwa neno moja, huru, nalo halikuumbwa kwa mizigo hiyo. Latokana na Kiarabu, na maana yake ya asli ni mtu asiyemilikiwa na mtu. Bwana "alimwacha huru" mtumwa wake, na kufanya hivyo ni mojawapo ya kafara za kuvunja yamini. Unguja na Pemba sheria iliacha kuutambua utumwa mwaka 1897, huku pwani ya Kenya mwaka 1907. Juzi tu. Ndiyo maana ziko nyumba ambazo neno hili hutajwa kwa sauti ya chini, kwani ukiuliza nani aliachwa huru umeuliza pia nani alimilikiwa.

Sasa huyu mpwa wangu hupita kila siku mbele ya ukumbi wa Kaloleni, wala hajui kilichosemwa humo. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa Waafrika na Wahindi, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi aliyezaliwa Punjab, alitaka nchi za Afrika Mashariki ziwe huru kabisa. Haikupita hata mwezi akakamatwa, akazuiliwa zaidi ya miaka 11. Neno ambalo kwetu lilikuwa la mtu na bwana wake, pale lilikuwa la nchi nzima, na hapakuwa na bwana wa kuombwa aandike hati.

Lakini ulimi ni mzito kusahau. Mpaka leo twasema Mwingereza "alitupa" uhuru mwaka 1963, na hata magazetini nimelisoma hivyo, kana kwamba ni bwana aliyeona huruma. Mimi huandika "tulipata", na hata hilo halinitoshi, maana waliokuwa ukumbini siku ile hawakuwa wakingoja kupata. Walikuwa wakidai.