Daftari la Marehemu ni Amana

Ndugu zetu Waislamu, hasa akina mama wenye funguo za masanduku ya nyumbani, tuzingatie habari ya Quseir, bandari ya Misri katika Bahari ya Shamu. Kati ya 1978 na 1982 wachimbuzi wa Chuo Kikuu cha Chicago walifukua huko nyumba ya mfanyabiashara wa karne ya 13, Sheikh Abu Mufarrij, na mwanawe Ibrahim. Humo walipata barua na hati za shehena za ngano na unga.

Nyingi ya karatasi hizo zilikuwa zimetupwa. Kilichozihifadhi ni ukavu wa jangwa. Sisi wa pwani hatuna neema hiyo. Kwetu kuna unyevu na mchwa, na daftari la duka husahauliwa uvunguni hadi likaoza.

Hasara hudhihirika mauti yanapofika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, imetuamuru tuandikiane deni; na Surat an-Nisaa imetanguliza wasia na deni kabla ya mirathi. Daftari likipotea, marehemu huenda na deni shingoni, na mayatima hukosa fedha alizokuwa akidai baba yao.

Basi tusizifanye karatasi za wazee kuwa za kufungia mahamri. Tuziweke pakavu, tuzitolee nakala, na zile kongwe tuzikabidhi kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa. Haki ya yatima imo humo.